Nilipita Ubao wa Herufi, Pembeni Sikuwa Naona

Haya nawaandikia madereva wenzangu wa PSV, yaani magari ya abiria, hasa nyinyi mliovuka arobaini na mnaojisifu kuwa macho yenu ni ya mwewe. Nimeendesha basi la abiria thelathini na tatu baina ya Mombasa na Malindi kwa miaka mingi. Kila fomu ya daktari ilipotakiwa, nilizisoma herufi za ukutani mpaka safu za chini, nikapigiwa muhuri, nikarudi steji kupakia. Ule ubao unapima unavyoona mbele yako, pale katikati unapokodolea. Hauulizi kama unamwona mwenye tuktuk anayechomoza kushoto Kongowea. Ugonjwa ulionipata mimi hula pembeni kwanza, na unaweza kwenda mbali sana huku herufi bado unazisoma kama kawaida.

Wataalamu huuita glakoma, wengi wetu twaujua kama presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila saa. Yakikosa kutoka vizuri, presha hupanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huumia kidogo kidogo. Sehemu iliyokufa hairudi, hata kwa operesheni. Na aina hii iliyo ya kawaida zaidi haina maumivu. Huamki ukalia jicho, hutokwi na machozi, huoni wekundu. Ndiyo maana wengi wetu hujua tukiwa tumeshachelewa.

Aliyeanza kugundua ni makanga wangu. Ni kijana wa Kisauni, mdomo mwepesi, lakini kazi anaijua. Alianza na maneno ya juu juu: "Mzee, yule mama alikupungia, mbona umempita?" Nikadhani ni tamaa ya abiria tu. Kisha siku moja tukitoka kwenye taa alilipiga bati kwa nguvu akipiga kelele, "Tuktuk, mzee! Tuktuk!" Ile tuktuk ilikuwa imesimama kushoto kwetu muda wote taa zikiwa nyekundu. Kwangu mimi haikuwapo. Sikuona giza wala doa jeusi, niliona barabara.

Hili ni gumu kumweleza mtu ambaye hajalipitia. Ubongo ukikosa picha mahali, unaliziba pengo kwa kilicho jirani: lami unaiona lami, ukuta unauona ukuta. Kwa hiyo mgonjwa hajui kwamba kuna kitu asichokiona. Na macho mawili husaidiana, linachokosa hili linakamata lile, mpaka siku yote mawili yakose mahali pamoja. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Taa za trela zikinijia usoni nikitokea Kikambala, nilikuwa nahitaji muda kabla ya kuipata tena barabara, na watu waliovaa nguo za giza kando ya lami walikuwa wanatokea ghafla.

Kijana aliniambia waziwazi tukinywa chai na mahamri, wenzetu wakiwa mbali. "Mzee wangu, usinichukulie vibaya, mimi ni mtoto wako. Lakini nenda kapime macho kabla hatujaua mtu." Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimaliza chai yangu bila kumjibu. Usiku ule sikulala, kwa sababu nilijua hakuwa na faida yoyote ya kuniambia vile. Mimi nikishuka garini, yeye pia hana uhakika kama dereva mpya atamtaka.

Nilianzia duka la miwani mjini, kama wengi wanavyofanya. Kijana wa pale alinipima kwa ubao na mashine, akaandika 6/9 jicho la kulia na 6/12 la kushoto. Maana yake, kile ambacho jicho la kushoto lilikisoma likiwa mita 6, jicho zima lingekisoma likiwa mita 12. Akaniuzia miwani, na kweli herufi zikang'aa. Presha hakupima, na nyuma ya jicho hakuchungulia. Nilitoka pale nikiwa na furaha na miwani mpya, na tuktuk bado sizioni. Kwa hiyo ukienda duka la miwani, uliza kabla hujalipa: mnapima presha ya macho? Wapo wanaopima. Kama hawapimi, nunua miwani kama unaihitaji, lakini usidhani umepimwa macho.

Ile miwani ya manjano wanayouza vijana barabarani wakisema inaua taa za usiku, achana nayo. Inapunguza mwanga wote, pamoja na ule unaokuonyesha mtu anayevuka.

Hospitali za macho kwetu hatukukosa. Coast General pale Makadara wana kitengo cha macho, Lighthouse wako hapa kisiwani miaka na miaka, na ukivuka Likoni kwenda kusini kuna Kwale Eye Centre. Kabla hujakwenda kokote, jambo moja la kufahamu: gari iache nyumbani na uende na mtu. Watakutia matone ya kutanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho, na kwa saa kadhaa utaona ukungu huku jua likikuchoma kama umemulikwa na tochi. Beba kofia na miwani ya jua. Mimi nilikwenda na mke wangu, na ndiye aliyenishika mkono kuvuka barabara kama mtoto wa chekechea, watu wanaonijua wakitazama.

Presha hupimwa kwa namna mbili tatu. Kuna mashine inayokupulizia hewa, unashtuka lakini haiumi. Kuna nyingine ambayo wanakutia tone la ganzi na rangi ya manjano, kisha daktari anagusa jicho kwa kifaa chenye mwanga wa buluu. Watu wengi huwa baina ya 10 na 21. Langu la kulia lilikuwa 26, la kushoto 32. Halafu daktari akachungulia ndani muda mrefu bila kusema kitu. Ule ukimya ulinitisha kuliko zile namba.

Baadaye akaniuliza, "Baba yako aliona mpaka uzeeni?"

Baba yangu alikufa kipofu, kwetu Kaloleni. Tulisema ni uzee. Wengine walisema amechezewa, tukapoteza mbuzi na pesa kwa waganga. Daktari hakusema lolote kuhusu waganga, aliandika tu. Kisha akanieleza kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu, kwamba sisi Waafrika hutupata mara nyingi zaidi na mapema zaidi, na kwamba ndugu zangu wote wa tumbo moja na watoto wangu wakishakuwa wakubwa wapimwe. Presha ya damu yako ikiwa sawa haimaanishi ya jicho iko sawa. Mke wangu alikuwa ameshaanza kunipunguzia chumvi, akaambiwa anirudishie, ingawa mpaka leo anapika chukuchuku.

Swali la pili lilinishangaza zaidi: "Unatumia matone gani ya macho?" Pale steji kulikuwa na kichupa kinachozunguka. Vumbi, jua, usingizi mchache, macho yakiwa mekundu kila mmoja anatia tone, anapumua, anarudi kazini. Kikiisha, mtu anakwenda kwa mwenye duka la dawa anamwambia "kama kile cha jana". Daktari alitaka kukiona. Nilipokipeleka, aliweka kidole kwenye maandishi madogo: dexamethasone. Hiyo ni dawa ya aina ya steroidi. Inaondoa wekundu vizuri sana, na ukiitumia muda mrefu bila daktari inaweza kupandisha presha ya jicho, hasa kwa mtu ambaye tayari ana asili ya glakoma. Betamethasone ni ya ukoo huo huo. Haikuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa wangu peke yake, kwa alivyoona mshipa, lakini haikunisaidia. Kasomeni vichupa vyenu, jamani. Na tone la mtu mwingine msitie, hata bila hayo kuna maambukizi.

Kipimo chenye uzito kwa dereva ni kile cha upana wa kuona. Unakalishwa mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu unakiweka mahali pake, jicho moja linafunikwa. Unatazama taa ya katikati, na kila unapoona kimulimuli popote, unabonyeza kitufe. Huruhusiwi kukifuata kwa jicho. Basi. Inasikika rahisi, lakini niliyamaliza macho mawili jasho likinitoka.

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi karibu yote. Nilipoiona nikajua nimekwisha. Lakini daktari alitazama namba za pembeni, akasema hiki kipimo hakiaminiki. Mashine inahesabu mara ngapi umebonyeza bila taa, mara ngapi umeacha kutazama katikati. Mimi nilikuwa nimeendesha mpaka usiku wa manane, nikalala kidogo, nikaja. Kwa kweli nilikuwa nasinzia ndani ya lile bakuli. Akaniambia mtu wa kwanza kukutana na mashine ile huharibu mara nyingi, kisha hujifunza. Pia akaniambia jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema: mashine hufifisha taa makusudi mpaka zipotee, kwa hiyo hata mtu mzima kabisa hukosa kuona nyingi. Ukikaa kimya kitambo bila kuona kitu, usiingie hofu ukaanza kubonyeza ovyo.

Kwa hiyo ukiambiwa uende kwa kipimo hicho, lala kwanza. Kula. Nenda asubuhi. Omba kipimwe kabla ya yale matone ya kutanua mboni. Ukihisi umechoka katikati, mwambie anayekupima asimamishe, mashine inakubali. Na ikitoka vibaya, uliza kama inaaminika, na uombe irudiwe siku nyingine kabla mtu hajaandika neno kuhusu leseni yako.

Niliandikiwa matone mawili, timolol asubuhi na jioni, latanoprost usiku. Kabla ya timolol waliniuliza kama nina pumu au mapigo ya moyo ya polepole. Mwenye pumu asiifiche, dawa hiyo inaweza kumbana kifua ingawa inatiwa jichoni tu. Namna ya kutia nayo ni kazi ya kujifunza. Unavuta kope la chini, tone moja linatosha, unafumba jicho bila kulipepesa, unabana pembe ya ndani karibu na pua kama dakika mbili ili dawa isiteremke kooni. Ukitia mbili, ngoja dakika tano baina yake, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza.

Joto la Mombasa ni adui wa dawa hizi. Latanoprost kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, na ikishafunguliwa inatakiwa isipite nyuzi 25 na itumike kwa wiki nne tu. Nyuzi 25 hapa kwetu utazipatia wapi? Sisi hatukuwa na friji, ikawa chupa inakaa kwa mwenye duka jirani, kando ya maziwa na soda. Dawa ya asubuhi nayo usiiache kwenye dashibodi. Mtu anaegesha gari juani, anarudi, kichupa kimechemka, kisha analalamika daktari amempa dawa bandia.

Ile ya usiku ilinipa macho mekundu majuma ya mwanzo, na kope zikarefuka. Makanga akapata la kusema: "Mzee, umebandika kope? Mwambie mama atupeleke na sisi hapo saluni." Wekundu haukuwa wa kuchekesha sana. Siku moja nilikuwa abiria tu, nimekaa mbele, na askari wa trafiki akaninyooshea kidole akiuliza mzee huyu ametafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, kiasi gani. Tangu hapo natembea na barua ya daktari iliyokunjwa ndani ya mfuko wa leseni.

Sasa tuje kwenye leseni na tumbo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kuficha.

Daktari alinisimamisha kuendesha basi mpaka presha ishuke na kipimo kirudiwe. Alisema kwa upole lakini hakuacha mlango wazi. Jioni ile ile mwenzangu mmoja wa steji alinivuta kando. "Fomu ya daktari inapatikana, kaka. Imejazwa, ina muhuri, pesa kidogo tu. Unajisumbua nini?" Sitajifanya malaika, karo za watoto zilikuwa zinakaribia na nililifikiria. Kilichonizuia kilikuwa ile tuktuk. Ningeweza kununua muhuri, lakini makanga angekaa nyuma yangu akijua, na mimi ningekaa mbele nikijua kwamba anajua.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwombaji wa leseni aseme kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake kuwa hatari kwa umma. Ukisema huna na unajua unao, karatasi hiyo itakungoja. Ajali ikitokea, mawakili wa bima hawaanzi na breki, wanaanza na dereva. Na wewe ukidondoka, unamvuta na mwenye gari.

Kumwambia tajiri, mwenye basi, kulinitoa jasho kuliko lile bakuli. Nilimfuata baada ya Alasiri, barazani kwake. Kama nawe itakubidi, usiende mikono mitupu. Mimi nilikwenda na karatasi ya hospitali, tarehe ya kurudi, na jina la dereva wa skwadi, yaani wa kushikilia zamu, ninayemwamini, ambaye tayari nilikuwa nimezungumza naye. "Hajji," nikamwambia, "macho yangu yana ugonjwa. Yanatibika yasizidi, lakini sasa hivi basi lako sistahili kulishika." Alinyamaza, akazungusha tasbihi, kisha akasema, "Gari ina abiria na ina bima. Wewe katibiwe. Ukirudi na karatasi, tutasema." Hakunikumbatia wala hakuniahidi kitu. Lakini wapo wenzangu ambao tajiri alijua kutoka kwa watu wengine, na hao hawakupewa hata nafasi ya kumaliza kikombe.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Dereva wa PSV halipwi akikaa nyumbani. Ukishuka leo, leo hiyo hiyo huna. Mke wangu aliongeza sufuria ya viazi karai jioni, na mimi nikawa namenya viazi, kazi ambayo ningeicheka zamani. Skwadi wangu alinitumia kitu kidogo Ijumaa, bila kuombwa. Mkopo wa sako, kile chama cha akiba kinachosimamia magari yetu, ulinisaidia, na hapa nasema: wekeni akiba kwenye sako wakati bado mko usukani, kwa sababu mkopo unafuata akiba. Gharama ya hospitali kwangu ilikuwa hivi, takriban: kumwona daktari elfu moja na ushee, kipimo cha upana elfu tatu hivi kila kinapofanywa, latanoprost elfu moja na zaidi kila mwezi, timolol mia chache. Vipimo na dawa nililipa mfukoni. Ile ya kila mwezi ndiyo inayochosha, maana haina mwisho. Ulizia dawa ile ile kwa jina lake la kisayansi, sio jina la kampuni. Bei hutofautiana sana kutoka duka hadi duka.

Daktari pia alinitajia tiba ya mwanga wa leza na operesheni, endapo matone yatashindwa. Zote mbili kazi yake ni kushusha presha, kulinda kilichobaki. Ukikutana na mtu anayekuahidi kurudisha kilichopotea kwa asali, mwarobaini au maji ya baraka, mpe salamu upite.

Presha ilishuka, 15 kulia na 16 kushoto. Kipimo cha upana nilikirudia nikiwa nimelala, nimeshiba, saa tatu asubuhi. Karatasi ya pili ilikuwa na ukweli wake: jicho la kushoto limeharibika upande wa juu na pembeni, la kulia limeguswa kidogo. Kisha akafanya kile ninachotaka mkiombe kwa jina: kipimo cha macho mawili yakiwa wazi kwa pamoja. Barabarani hatuendeshi na jicho moja limefunikwa. Macho yangu mawili yakifanya kazi pamoja, pengo likawa dogo, na halikuwa katikati.

Hata hivyo hakutia sahihi haraka. Aliniambia gari dogo la nyumbani halimpi shaka. Basi la abiria ni jambo jingine. Mwisho aliandika kwamba naweza kuendesha mchana, nikiwa na miwani, na kwamba nirudi kila miezi sita. Siku kipimo kikibadilika, ruhusa hiyo imekufa. Usiku alikataa kabisa, na sikubishana naye. Vile vimulimuli vya Mtwapa usiku wa Jumamosi mimi mwenyewe sivitaki tena.

Ripoti yako ikiandikwa, isome kabla hujatoka mlangoni. Iwe na uwezo wa kila jicho, uwezo wa macho yote mawili, matokeo ya upana wa kuona, kama unahitaji miwani, masharti, na tarehe ya kurudi. Ofisini kwa sako mtu mmoja aliitazama yangu akauliza kwa nini haisemi 6/6, wakati mimi na miwani nasoma vizuri tu na tatizo langu haliko hapo. Ilibidi karatasi yenyewe ijieleze, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti.

Na mpangilio wa karatasi una maana. Mimi nilikuwa nimelipia cheti cha tabia njema mapema, ile shilingi 1,050 ya eCitizen na kupaka vidole wino, nikidhani naokoa muda. Matibabu yakachukua muda wake, sako wakasema cheti kimezeeka, nikalipa tena. Anza na macho. Yakishajulikana, ndipo ufuate cheti, picha, na mambo ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na usingoje beji yako ya PSV ikaribie kuisha muda. Anza miezi kadhaa kabla, maana presha ya jicho haishuki kwa kuwa wewe una tarehe.

Hajji alinipa zamu ya mchana. Safari zimepungua na hesabu imekuwa nyembamba. Pesa ya usiku na ya alfajiri ilikuwa ndiyo nyama, sasa tunakula mchuzi. Nimeongeza kioo kidogo cha mviringo juu ya kile cha kushoto, na shingo yangu inageuka kila ninapoondoka, hata abiria wamezoea. Makanga haondoki mlangoni nikiingia Kongowea. Ile kanuni ya dereva wa PSV kutopitisha saa nane usukani katika saa ishirini na nne, ambayo sote tuliipuuza tangu itoke mwaka 2014, siku hizi naifuata, maana macho yangu ndiyo yanayochoka kwanza.

Mwenzangu mwingine, ambaye glakoma yake ilikuwa imekwenda mbali, alinyimwa sahihi. Wengine walimshauri aingie tuktuk, kana kwamba abiria watatu hawafi. Alikataa. Sasa ni karani wa steji, anapanga magari na kuandika zamu. Analipwa kidogo kuliko zamani, lakini analipwa kila jioni, na anatusimamia vikali kuliko alivyokuwa akisimamiwa yeye.

Ndugu zangu nimewafuata mmoja mmoja. Dada yangu alipimwa, yuko salama kwa sasa. Mdogo wangu anaendesha trela, anapakia bandarini kwenda Malaba, na kila nikimpigia simu ananiambia macho yake anasoma kibao cha Mariakani akiwa Mazeras. Nimemwambia vibao hata mimi nilikuwa navisoma. Juzi amekubali kuja akishashusha mzigo. Nimeshamlipia, na nimemwonya trela aiache yadi na utingo wake aje naye.